Kabla hujawa wakala huru wa bima: mkataba kwanza, kamisheni baadaye

Wengi wanaoingia kwenye uwakala huru huanza kwa kuuliza kampuni gani inatoa asilimia kubwa ya kamisheni. Lipo swali linalotangulia hilo: siku mkataba wako na kampuni ukivunjika, wateja uliowaleta watabaki kuwa wa nani? Jibu limo kwenye mkataba wa uwakala, mara nyingi kurasa za nyuma ambako watu husaini bila kusoma. Hilo ndilo linaloonyesha kama unajenga biashara yako au unaijengea kampuni biashara yake, tena bila mshahara.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Wakala wa kampuni moja huuza bidhaa za kampuni hiyo tu. Wakala huru ana mikataba na kampuni kadhaa, kwa hiyo anaweza kuweka bei na masharti ya kampuni hizo mezani mteja akalinganisha. Dalali wa bima ni mtu mwingine: yeye kisheria humwakilisha mteja. Mipaka kati ya hawa watatu haifanani kila nchi, na baadhi ya sheria zinaweka kikomo cha idadi ya kampuni ambazo wakala anaruhusiwa kuuza bima zake. Soma masharti ya mamlaka ya bima unakoomba leseni kabla hujachapisha kadi yenye neno "huru". Angalia pia aina ya leseni, maana leseni ya bima ya maisha na ile ya mali na ajali mara nyingi hutenganishwa, kila moja na mtihani wake.

Ukishaupata mkataba, tafuta vifungu vinne. Cha kwanza kinaeleza nani mwenye haki juu ya wateja na tarehe za kuisha kwa bima zao. Cha pili, kama utaendelea kulipwa kamisheni bima zinapohuishwa baada ya wewe kuondoka. Cha tatu ni kiwango cha chini cha mauzo kwa mwaka, na kinachotokea usipokifikia. Cha nne ni katazo la kuwafuata wateja wa zamani, na muda wake. Kampuni ikikuambia "hicho ni cha kawaida, usijali," omba iandike maana yake kwa barua.

Kwa nini suala la kuhuisha lina uzito hivyo? Piga hesabu. Chukua mfano wa bima za mwaka mmoja ambazo ada yake ni 500 kila moja na kamisheni ni asilimia 10. Unapata 50 kwa kila bima. Ukiuza 10 kwa mwezi, mwaka wa kwanza una wateja 120 na umeingiza 6,000. Mwaka wa pili, kama asilimia 85 wamehuisha, una 102 wa zamani na 120 wapya: 11,100. Mwaka wa tatu una wateja kama 309, na mapato yanakaribia 15,400. Sasa shusha wanaohuisha wawe asilimia 65, kasi ya kuuza ibaki ileile. Mwaka wa tatu una wateja wasiozidi 249 na mapato ya kama 12,400. Hujauza pungufu hata bima moja, umevuja tu. Na hapo bado hujatoa usafiri, simu, leseni na kodi. Ndiyo maana mtu asiye na akiba ya kuishi miezi 12, au chanzo kingine cha kipato, hulazimika kuwauzia watu bima wasizozihitaji, nao hawahuishi.

Bima ya maisha ina mtego wake. Kamisheni ya mwaka wa kwanza huwa kubwa, ya miaka inayofuata ndogo, na kampuni nyingine hukulipa ya mwaka mzima mapema hata kama mteja analipa ada kila mwezi. Mteja akiacha kulipa, sehemu ambayo hajaifikia inarudishwa. Umelipwa 1,200, akakoma baada ya miezi 4: unadaiwa 800, zinazokatwa kwenye malipo yako yajayo. Wanaoanza huzitumia pesa hizo kana kwamba ni zao tayari. Nashauri robo hadi theluthi ya kila malipo ya mapema ikae pembeni mpaka kipindi cha marejesho kilichoandikwa kwenye mkataba kipite.

Kampuni ngapi za kuanza nazo? Tatu hadi tano zinatosha, mradi hazifanani: moja yenye bei nafuu kwa hatari za kawaida, moja inayopokea wateja ambao wengine huwakataa, moja yenye sifa ya kulipa madai bila mizunguko. Ukikusanya kumi, mauzo yako machache yatatawanyika na hakuna hata moja utakayofikia kiwango chake cha chini. Kampuni kubwa husita kumpokea mgeni asiye na rekodi. Njia ya mkato ni kujiunga na muungano wa mawakala unaokupa mlango wa kuzifikia, nao unachukua sehemu ya kamisheni. Si vibaya, ila soma gharama ya kutoka kabla ya kuingia. Jua pia kwamba kampuni hutazama uwiano wa madai inayolipa na ada unazoleta. Ukiwajaza wateja wa hatari tupu kwa sababu ndio rahisi kuwapata, mkataba unaweza kufungwa hata kama unauza sana.

Pesa za ada si zako. Kama mteja analipa moja kwa moja kwa kampuni, umepona nusu ya matatizo. Kama zinapitia kwako, fungua akaunti ya benki ya pekee kwa ajili ya ada hizo na uzipeleke ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba. Kuchukua ada ya mteja kulipia pango "mpaka Ijumaa" kunaweza kumwacha bila bima siku anapopata ajali, na kukupotezea leseni.

Sasa fomu ya maombi, maana hapa ndipo madai mengi hufia. Bima husimama juu ya ukweli wa mteja: akificha ugonjwa, ajali za nyuma au matumizi halisi ya gari, kampuni inaweza kukataa kulipa. Wakala mwenye haraka humjazia fomu, anakisia majibu, kisha anamwambia asaini. Usifanye hivyo. Soma kila swali kwa sauti, andika jibu lake kama alivyolitoa, mwachie nakala.

Kosa la pili ni kukadiria mali chini ili ada ipungue. Nyumba ya 10,000,000 ikikatiwa bima ya 6,000,000, na moto ukaharibu ya 2,000,000, mteja hutarajia kulipwa yote. Mikataba mingi ya bima ina kifungu cha uwiano: amebeba asilimia 60 ya thamani, atalipwa asilimia 60 ya hasara, yaani 1,200,000, kabla hata ya kukatwa kile anachopaswa kubeba mwenyewe. Mwonyeshe hesabu hiyo siku ya kuuza. Akikataa kuongeza, mwandikie ujumbe unaosema ulimshauri na yeye akachagua kiasi kidogo, kisha uhifadhi jibu lake.

Kumbukumbu hizo ndizo zitakazokulinda pamoja na bima yako mwenyewe ya dhima ya kitaaluma (inayokulinda mteja akikudai fidia kwa kosa la kazi yako), ambayo kampuni nyingi huitaka kabla ya kukupa mkataba. Jambo linalopitwa na wengi: kwa kawaida bima hii hulipa madai yanayoletwa wakati ipo hai, hata kama kosa lilifanyika nyuma, mradi baada ya tarehe ya kuanzia iliyoandikwa. Ukiiacha isimame mwezi mmoja, au ukahamia kampuni nyingine bila tarehe hiyo kuhamishwa, makosa ya zamani yanaweza kubaki bila kinga. Anayestaafu anunue nyongeza ya kipindi cha baadaye, inayolipa madai yanayoletwa baada ya bima kufungwa.

Kazi ya kila siku ni kalenda kuliko maneno matamu. Siku 60 kabla ya bima kuisha, angalia kama kampuni imepandisha ada. Siku 45, piga simu uulize kilichobadilika: gari jipya, mtoto, duka limehamia jengo jingine. Siku 30, peleka bei za kulinganisha. Ukimpigia siku tatu kabla, utakuta ameshanunua kwingine, au hana bima na hajui.

Siku ya ajali, mwambie mambo manne: awe salama, apige picha, asikiri kosa wala kuahidi malipo kwa mtu yeyote, na atoe taarifa kwa kampuni ndani ya muda uliotajwa kwenye hati. Kisha fuatilia faili mwenyewe na umpigie kila wiki, hata kama cha kumwambia ni kwamba mtathmini bado hajafika.