Majina Matatu Kwenye Daftari

Mwanzoni mwa Agosti 2023 mimi na dada yangu tulikaa mezani tukiwa na daftari moja, kikokotoo na akiba ya miaka 2. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi, likizo zetu zilikuwa zimeangukia pamoja: siku 14 za mwezi Novemba. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvuka bahari. Dada akafungua ukurasa safi, akaandika majina matatu, moja chini ya jingine: Paris, Istanbul, Hanoi.

Paris ilikuwa yangu. Nilikuwa nikiiota tangu nikiwa mtoto, na wala sikuona haja ya kujieleza. Istanbul tuliitaka wote wawili, kwa sababu ya zile feri zinazokutoa bara moja na kukushusha bara jingine kabla chai yako haijapoa. Hanoi, mji mkuu wa Vietnam, aliiweka Dada peke yake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu kwamba aliwahi kuona picha ya ziwa katikati ya mji, na wazee wakifanya mazoezi kandokando yake alfajiri, na picha ile haikumtoka.

Usiku uleule nilipata tiketi ya Paris kwa bei ambayo sikuamini. Ukurasa uliandika kwamba zimebaki nafasi mbili. Mikono ilikuwa tayari inatafuta kadi ya benki.

"Subiri, mdogo wangu," Dada akasema. "Tuisome kwanza."

Tukaisoma. Kumbe hazikuwa tiketi moja bali mbili zilizounganishwa na muuzaji. Ya kwanza ilikuwa inaishia uwanja wa Heathrow, ya pili inaanzia uwanja wa Gatwick. Zote zinaitwa London, lakini ili utoke huku uende kule lazima uchukue mzigo wako, upite uhamiaji na uingie Uingereza kwelikweli. Na Uingereza haimo katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, Ufaransa ikiwemo, kwa hiyo kwa pasipoti zetu hiyo ilikuwa na maana ya visa mbili za nchi mbili. Tena, kwa kuwa tiketi zilikuwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili lisingekuwa na wajibu wowote kwetu. Ndege yake ingeruka na kutuacha.

Nikatafuta nyingine. Nikaipata, na jina la mji lilikuwa Paris. Dada akagusa herufi ndogo zilizokuwa chini: Beauvais. Huo ni uwanja ulio kiasi cha kilomita 85 kutoka Paris yenyewe.

Sikukata tamaa, ila nilianza kuona kwamba bei ya tiketi ni maneno ya mwanzo tu. Tukaandika yaliyobaki: ada ya visa ya Schengen, ambayo wakati huo ilikuwa euro 80 kwa kila mmoja na hairudi ukikataliwa, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, mahali pa kulala palipokwisha kuwekwa, taarifa za benki. Hapo ndipo Dada alipofanya jambo ambalo nimelifuata katika kila safari tangu siku ile. Alichukua rula, akapiga mstari katikati ya ukurasa kutoka juu hadi chini. Upande wa kushoto akaandika vitu vinavyolipwa mara moja: tiketi, visa, bima. Upande wa kulia akaandika vinavyolipwa kila kunapokucha: kitanda, chakula, usafiri wa mjini, viingilio.

"Tiketi unailipa mara moja," akasema. "Kitanda unakilipa kila usiku."

Tukakaa na upande wa kulia wa Paris kwa muda mrefu. Nilitafuta vitanda vya bwenini badala ya chumba. Nilipunguza chakula hadi mkate na jibini. Nilifuta kasri la Versailles. Kiingilio cha makumbusho ya Louvre kilikuwa euro 17 kwa mtu, nikasema tutaingia mara moja tu na tutashinda humo. Hata hivyo, kila tulipojumlisha, pesa ziliisha siku ya 5. Siku 14 za likizo, miaka 2 ya kuweka akiba, na siku 5 za kuhesabu kila kikombe cha maji. Dada hakusema neno. Alinipa kalamu ili niikate mwenyewe. Niliikata, na iliniuma sana. Sidhani kama kuna ubaya wa kuumia kwa mji ambao hujawahi kuuona.

Istanbul haikuchukua muda. Lira, pesa ya Uturuki, ilikuwa inaporomoka mwaka ule na bei zikipanda kila mwezi, hivi kwamba hesabu za wasafiri wa mwaka uliotangulia hazikuwa na maana tena. Dada, ambaye hupanga bajeti kama mtu anayejenga ukuta, alikataa kujenga juu ya kitu kinachotembea. Zaidi ya hapo, Novemba kule ni mwezi wa mvua na baridi, na furaha yetu yote ilikuwa kukaa nje, juu ya feri.

Ikabaki Hanoi, na Hanoi ilinishangaza kwa namna mbili. Kwanza, tiketi yake ilikuwa ghali kuliko ile ya Paris. Upande wa kushoto ulijaa kiasi kwamba nilitaka kulifunga daftari. Lakini tulipofika kulia, tarakimu zilikuwa ndogo mno, nikadhani tumekosea sehemu ya desimali. Tulirudia mara mbili. Chumba cha watu wawili, siyo kitanda cha bwenini, chumba chenye mlango na dirisha, pamoja na milo mitatu na basi, na bado pesa zilitosha siku zote 14 na kubakisha akiba ya dharura. Mji uliokuwa mbali zaidi kwa nauli ndio uliokuwa karibu zaidi kwa mfuko wetu.

Jambo la pili lilikuwa visa. Hadi wakati ule visa ya mtandaoni ya Vietnam ilikuwa kwa raia wa nchi 80 tu, na sisi hatukuwamo. Ila bunge lao lilikuwa limepitisha mabadiliko mwezi Juni, na kuanzia tarehe 15 Agosti 2023 mlango ungefunguliwa kwa raia wa nchi zote, kwa muda wa hadi siku 90, ada ikiwa dola 25 kwa kuingia mara moja. Dada alikuwa amelijua hilo kabla hajaandika jina la tatu. Ndiyo maana aliliandika.

Nilikubali, lakini nikadai kitu kimoja: Hoi An. Ni mji wa kale katikati ya nchi, wenye nyumba za rangi ya manjano, taa za karatasi na daraja dogo lenye paa ambalo lilijengwa na wafanyabiashara wa Kijapani karne nyingi zilizopita. Kama nimepokonywa Paris, nilisema, nipewe hilo daraja.

Dada akafungua ramani. Vietnam imejikunja kama herufi S, ndefu na nyembamba, na reli yake kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh City ina kilomita 1,726. Kufika Da Nang tu, kituo cha kushukia anayekwenda Hoi An, ni zaidi ya saa 15 za treni. Lakini urefu haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kalenda. Novemba, Hanoi na kaskazini yote huwa na anga kavu na ubaridi mtamu. Ndiyo miezi yake mizuri. Mwezi huohuo katikati ya nchi ndiko mvua inakonyesha hasa, na mto Thu Bon hufurika hadi watu wa Hoi An wanapita mitaani kwa mitumbwi. Nchi moja, wiki moja, hali mbili za hewa. Nilikuwa nimesoma "msimu mzuri wa kwenda Vietnam" kana kwamba nchi ile ni kijiji kimoja.

Tulibishana juu ya jambo hili siku mbili. Mimi nilisema mvua ni mvua tu, tutabeba miavuli. Yeye alihesabu kwa vidole: siku 2 za kwenda na kurudi kwa ndege, siku 2 za treni, siku 3 pengine tukitazama maji yakipanda dirishani. Nusu ya likizo. Mwishowe niliikata Hoi An kwa mkono wangu kama nilivyoikata Paris. Mahali pake tukaandika Ninh Binh, ambako milima ya mawe ya chokaa inasimama katikati ya mashamba ya mpunga, kilomita kama 95 tu kusini mwa Hanoi.

Kisha Dada akaleta pasipoti yake ili tujaze fomu, na hapo nikaona kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Ilikuwa imetolewa karibu miaka 10 iliyopita. Nikaifungua ukurasa kwa ukurasa. Hakuna muhuri hata mmoja. Aliichukua mwaka ule alipoanza kazi, na mwaka uliofuata mimi nikaingia chuoni, na ni yeye aliyenilipia ada. Karatasi zilikuwa bado zinanukia upya. Na tarehe ya mwisho ilikuwa Januari.

Vietnam, kama nchi nyingi, hutaka pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi 6. Yake ingekuwa na miezi 2. Hatukuweza kuomba visa kwa namba ambayo ingebadilika, na sikutaka kununua tiketi kabla ya visa. Tukasubiri pasipoti mpya kwa wiki 5, nauli ikipanda kidogo kila nilipochungulia. Nililipa ile nyongeza bila kinyongo. Nisingekubali asafiri mtu mwingine badala yake.

Siku ya kujaza fomu nilisoma herufi za majina yake moja moja kutoka kwenye pasipoti, naye akazigonga. Tulikuwa tumeonywa kuhusu tovuti zinazofanana na ile ya serikali zikitoza zaidi, kwa hiyo tulihakiki anwani mara tatu. Tulichagua uwanja wa kuingilia, Noi Bai. Tulipobonyeza kitufe cha mwisho, Dada aliweka viganja juu ya meza, vimetulia, akaviangalia.

Asubuhi yetu ya kwanza Hanoi tulikunywa supu ya tambi, pho, tumekaa kwenye vistuli vya plastiki vilivyofika magotini, hatua chache kutoka ziwa la Hoan Kiem. Tulikuwa tumekwisha kuwaona wale wazee. Dada aliniamsha gizani kwa ajili yao, akasimama kuwatazama hadi mwisho bila kupiga picha. Mama muuzaji alipotupa chenji, Dada alishtuka. Noti ya dong 20,000 ni ya buluu, na ya 500,000 nayo ni ya buluu, na tulikuwa tumejiapiza kutozichanganya. Akaiinua ile ya chenji na ya 500,000 tuliyokuwa nayo kwenye mwanga, akazihesabu sifuri kwa kidole, akaridhika. Kisha akaigeuza ile ndogo na kuisogeza karibu na macho.

Nyuma yake kulikuwa na daraja dogo lenye paa.

Akanipa. "Hoi An," akasema. Nikaitazama kwa muda mrefu: paa lililopinda, maji chini yake, yote katika kipande cha plastiki kisichozidi kiganja. "Hilo tutalifuata Machi, mwaka mwingine. Machi kule kumekauka." Akatoa daftari kwenye mkoba, akatafuta ukurasa safi, akaniomba kalamu.