Kutoka Dar kwenda Muheza: kumbukumbu ya mradi, sehemu ya maji

Familia ya watu watano inahama nyumba ya kupanga Dar es Salaam na kwenda kuishi shambani wilayani Muheza, mkoani Tanga, kwenye ukanda wa machungwa. Nyumba ya shamba ina paa la bati la migongo miwili, yaani pande mbili za mteremko, mita 10 kwa 8. Sehemu hii ya kumbukumbu inahusu maji peke yake, kwa kuwa maji ndiyo yanayoamua mengine: choo cha aina gani, bustani ya ukubwa gani, kuku wangapi. Anayeanza na bustani akaacha maji nyuma ataishia kununua maji ya boza, na gharama za mjini zitakuwa zimemfuata hadi shambani.

Januari: hesabu

Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa hupimwa kwa kivuli chake chini, yaani urefu mara upana wa eneo linalofunikwa. Mteremko wa bati hauongezi kitu. Kwa hiyo tuna mita za mraba 80. Ukitoa asilimia 20 ya maji yanayoruka, yanayovuja na yanayokauka juu ya bati, mvua ya milimita 50 inaleta lita 3,200.

Upande wa matumizi, tumeweka lita 20 kwa mtu kwa siku: kunywa, kupika, kuoga kwa kopo, vyombo na kufua. Watu watano ni lita 100. Akiba ya siku 90 bila mvua ni lita 9,000, na hapo ndipo yanapotokea matangi mawili ya lita 5,000. Mawili ni bora kuliko moja la lita 10,000. Unaweza kuosha moja huku lingine likitumika, na koki ikikatika usiku haikumalizii maji yote.

Choo cha kuvuta hakiingii kwenye hesabu hii. Tangi lake likiwa la lita 9, na kila mtu akivuta mara nne kwa siku, ni lita 180, karibu mara mbili ya bajeti nzima ya nyumba. Tumechagua choo cha kumwagia kopo, ambacho hutosheka na lita 2 hadi 3, na maji yake ni yale ya suuzo la mwisho la nguo. Shimo limewekwa zaidi ya mita 30 kutoka kisima cha jirani, upande wa chini wa mteremko.

Februari: msingi, gata na maji ya kwanza

Lita 5,000 ni tani 5. Tangi la plastiki likikaa juu ya jiwe moja lililochomoza, au msingi ukititia upande mmoja, hupasuka chini kwenye kona, na ufa wa hapo hauzibiki vizuri. Kwa tangi la kipenyo cha mita 1.8 jukwaa ni mita 2.2 kwa 2.2: kuta za mawe pande zote, ndani kifusi kinachoshindiliwa tabaka kwa tabaka kila sentimita 15, na juu yake zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma katikati. Zege hilo linakula mifuko mitatu na kidogo ya saruji ya kilo 50. Kila mfuko unachukua ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, ndoo za lita 20. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi anayeongeza maji ili zege liteleze anakupa zege dhaifu. Mwagilia siku 7, funika kwa magunia mabichi, ndipo uweke tangi.

Urefu lazima upimwe kabla ya kumwaga zege. Jukwaa letu lina sentimita 35, tangi lina 210, jumla 245. Bomba linahitaji kushuka kidogo kuingia kwenye tangi, kwa hiyo mwisho wa chini wa gata, mfereji unaokinga maji ukingoni mwa paa, usipungue sentimita 255 kutoka ardhini. Gata ya mita 10 inashuka sentimita 1 kwa kila mita, hivyo mwanzo wake uko 265. Nyumba nyingi za vijijini zina paa la chini kuliko hapo. Ikiwa ndivyo, usilifukie tangi: punguza jukwaa, chimba kishimo cha ndoo chini ya koki na kijengee ukuta.

Mteremko wa gata tuliupima kwa mpira uliojazwa maji unaoonyesha usawa, kisha uzi. Macho hudanganya, hasa pale ambapo fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa unaobeba gata, yenyewe imepinda. Vishikio vipo kila sentimita 60. Vikiachana mita 1 au zaidi gata inalegea katikati, maji yanatuama, majani yanaoza na mbu wanazaa.

Kila mgongo wa paa una gata yake na tangi lake. Mgongo mmoja ni mita za mraba 40, na nusu milimita ya kwanza ya mvua, ile inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, ni lita 20. Hayo hayaingii kwenye tangi. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8.5 kwa mita, kwa hiyo bomba la wima la mita 2.4 linatosha. Linafungwa kwa tii, kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, kabla ya tangi. Likijaa, maji safi yanapita juu yake na kuendelea. Chini lina kifuniko cha kufungua kwa mkono chenye tundu la milimita 3 la kujimwaga polepole. Tundu hilo ndilo linaloziba. Likiziba, bomba linabaki limejaa na mvua inayofuata inapeleka uchafu wote tangini. Baada ya kila mvua kubwa, kifuniko kifunguliwe, kioshwe, kirudishwe.

Machi hadi Mei: masika

Mvua ya kwanza ya msimu tuliimwaga yote. Kinachokaguliwa sasa ni bomba la kufurikia: liwe inchi 4 kama la kuingizia, maana likiwa inchi 2 tangi litafurikia kwenye mfuniko na maji yatakula udongo chini ya jukwaa. Letu linakwenda mita 4 hadi kwenye shimo la migomba. Mdomo wake una wavu wa mbu, na mfuniko wa tangi umefungwa kwa waya. Tangi ni jeusi. Mwanga ukipenya maji huota ukijani.

Koki iko sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, tope libaki chini. Hilo linatuondolea lita 250 kwa kila tangi, na akiba halisi ni lita 9,500. Kupima kilichobaki, gonga tangi kwa kiganja: sauti hubadilika kwenye usawa wa maji.

Maji ya paa hayanywewi hivihivi hata yakionekana meupe. Yachemshwe yatokote dakika moja. Siku ya jua kali, chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga zikilazwa juu ya bati kwa saa 6 zinatosha; kukiwa na mawingu ni siku mbili.

Juni: bustani

Hapa ndipo wengi wanaotoka mjini wanapovunja bajeti. Tuta la mboga hunywa lita 4 hadi 5 kwa mita ya mraba kwa siku wakati wa jua. Mita 20 za mraba za mchicha ni lita 100, sawa na familia nzima. Tumeanza na matuta mawili ya mita 1.2 kwa 4, yaliyozamishwa sentimita 10 chini ya njia na kufunikwa nyasi kavu unene wa vidole vinne. Matembele na kisamvu vimewekwa nje ya matuta, kwa kuwa vinavumilia ukame. Maji ya sabuni yanakwenda kwenye migomba na mipapai, kwa kuhamisha shimo kila wiki; yakimwagwa sehemu moja udongo unagandamana na kuwa na chumvi.

Kuku kumi tu kwa sasa. Chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu. Chupa ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, kwa hiyo majirani huchangia na wote huchanja siku moja.

Kabla ya vuli

Septemba tangi la mgongo wa mashariki litamaliziwa maji, litasuguliwa kwa brashi na kusuuzwa, kisha la magharibi baada ya lile kupata maji mapya. Matawi ya mwembe yanayofika juu ya bati yatakatwa kabla ya Oktoba.