Mwaka ule wa dengue na vitabu vya kuazima

Watu wa Dar mtakuwa mnaikumbuka dengue ya 2019, ile ya masika, kila mtaa una mgonjwa wake na kila grupu la WhatsApp lina daktari wake. Mimi ilinidaka Sinza, chumba na sebule, naishi peke yangu. Nilijua ni malaria, nikaenda kupima, malaria hamna, wakarudia na kipimo kingine ndo ikaonekana. Daktari akaniambia hii haina dawa ya kuua kirusi, kunywa maji kwa wingi, pumzika, maumivu yakizidi meza panadol, ila aspirini na diklofenaki usiguse kabisa maana chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinashuka na dawa hizo zinaweza kukuvujisha damu. Yaani homa imenipiga mpaka meno yanagongana halafu narudi nyumbani na panadol! Na mbu mwenyewe anang'ata mchana, huyo mwenye madoa meupe miguuni, kwa hiyo hata neti yangu niliyokuwa naishusha kila usiku kwa heshima zote haikuwa na habari naye.

Viungo viliuma, mgongo uliuma, lakini kilichonitesa hasa ni macho. Yanauma kwa nyuma, huko ndani, ukiyageuza tu kumwangalia mtu aliyesimama mlangoni unajuta. Na wageni walikuwa hawaishi mlangoni, kila mmoja na chupa yake ya juisi ya majani ya mpapai, chungu balaa, kila mmoja anaapa ya kwake ndo imesagwa inavyotakiwa.

Shoga yangu wa Unguja, tunafanya kazi pamoja, yeye hakuja na mpapai. Alikuja na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, jalada limebanduka likabandikwa tena kwa seloteipu, akaiweka kando ya mto wangu. "Kila siku nakwambia usome hichi, unan'ambia huna nafasi. Haya, nafasi ndo hiyo ushapata. Lakini kitabu changu nakitaka, mwaya, usije ukan'potezea." Nikamwitikia tu, maana hata kufungua ukurasa wa kwanza nilikuwa siwezi, mistari yote inacheza.

Kwa hiyo aliyeanza kunisomesha ni dogo wa steshenari pale kona, yule wa kutoa fotokopi. Kijana wa watu aliniletea madafu, akanikuta nimejifunika kanga usoni. Akasema, "Sista, mi nakupa kitu husomi, unaangalia." Akanirushia kwenye simu manga, yaani hadithi ya katuni za Kijapani, inaitwa Golden Kamuy, ya Mjapani anaitwa Satoru Noda, ilikuwa bado inaendelea kutoka wakati huo. Maelekezo yake yalikuwa mawili tu, kwamba inaanzia kulia kwenda kushoto, na kwamba nikiona kitu cha kuchefua nisimlaumu.

Mi manga nilikuwa sijawahi kusoma. Ila kwa mgonjwa wa macho ile kitu inafaa sana jamani, unakuza kiboksi kimoja kinajaa kioo kizima, maneno yenyewe machache, ukichoka unafumba macho na picha imebaki kichwani. Hadithi iko Hokkaido, kule kaskazini mwa Japani kwenye theluji, baada tu ya vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905. Kuna askari mstaafu anaitwa Sugimoto, alipigana kwenye kile kilima cha 203 walichokufa watu kama mchanga, risasi zikamkosa au zikampata asife, basi kila akibanwa anapiga kelele kwamba yeye ni Sugimoto Asiyekufa. Anatafuta dhahabu iliyoibiwa kwa Waainu, wenyeji wa kule, na ramani ya dhahabu hiyo imechorwa tatuu kwenye ngozi za wafungwa waliotoroka. Sasa kwa nini anaitaka dhahabu? Mjane wa rafiki yake aliyekufa vitani anapofuka, na matibabu yake yanataka hela. Hapo nilisimamisha simu kifuani kwanza. Na hali yangu ile ya macho, we acha tu.

Lakini kilichoniteka kabisa ni binti wa Kiainu anaitwa Asirpa, ndo anamwongoza Sugimoto porini, na huyo mtoto kazi yake ni kuwinda na kula. Mimi hata uji ulikuwa haupiti, nalazimisha kijiko kimoja natapika viwili, halafu nasoma watu wanavyomchuna kindi. Wanamweka juu ya kigogo wanamkatakata na kisu mpaka analainika, nyama na mifupa humo humo, na wanapokezana kisu, kila anayekata lazima aseme "chitatapu, chitatapu", asiposema Asirpa anamkemea. Kuna askari mzima na bunduki yake amechuchumaa anasema chitatapu. Ubongo anaumega anampa mgeni aule mbichi, tena kwa mapenzi kabisa, na Sugimoto anautazama kwa sura ya mtu anayetafuta pa kukimbilia. Halafu Sugimoto naye akatoa miso yake, ile rojo ya soya ya rangi ya kahawia, aitie kwenye supu, Asirpa akaiona akajua ni mavi, akagoma. Nilicheka mbavu zikauma zaidi ya dengue. Jirani alikuja kuchungulia akijua homa imepanda kichwani.

Na ndo hapo hamu ya kula ikarudi, niamini usiniamini. Walikuwa wanapika samaki, kila kiungo chake na namna yake, nikaanza kuwaza mchuzi wa changu wenye limau na pilipili. Nikampigia jirani simu, yuko mlango wa pili tu, nikamwambia naomba samaki. Akasema, "Alhamdulillahi, huyu kapona."

Kupona bado, ila macho yalipolegea nikashika kile cha shoga yangu. Yasmin, binti wa Kihindi, kaozwa Bwana Raza ambaye kwa umri ni wa kumzaa, anapelekwa Mombasa, ndoa inamshinda anarudi Unguja, ndugu hawamtaki, anaenda kupokelewa Ng'ambo kwa Mwajuma asiye na kitu ila ana moyo. Hicho sikukisoma vipande vipande. Nililala nacho nikaamka nacho. Kile Kiswahili cha Unguja kinakwenda chenyewe, unamsikia Mwajuma anavyovuta maneno, na ni zama za Mwingereza, Mji Mkongwe wanakaa Wahindi na Waarabu na Ng'ambo wanakaa Waswahili maskini, kwa hiyo huyo binti kuvuka tu kwenda kulala kwa Mwajuma ni habari ya mji mzima.

Halafu kuna Denge, kasoma Urusi, karudi na mawazo yake, na Inspekta Wright na Koplo Matata hawalali kwa ajili yake. Nikacheka peke yangu kitandani, maana kwenye simu nina mtu kanusurika risasi za Warusi, na kwenye karatasi nina mtu anasakwa kwa sababu katoka kusoma kwa hao hao.

Nilimpigia shoga yangu usiku kumlalamikia Denge. Nikamwambia mwanaume gani huyu, binti kaacha ukoo wake wote, yeye kutwa vikao na makaratasi. Alinijia juu! "Ulitaka akae akipikiwa pilau, na nchi imo mikononi mwa Mwingereza?" Nikasema ndio, angalau Ijumaa. Tukabishana mpaka dakika zikaisha. Mpaka leo siko upande wake, Denge namheshimu ila nisingemtaka. Shoga yangu nilijaribu kumpa Sugimoto, akafungua bahati mbaya pale kwenye wanaume wanaovua nguo bila sababu yoyote (wapo wengi, na Noda wala hana aibu), akanirudishia simu yangu kwa ncha za vidole.

Dogo ndo alishangaza. Nilipoanza kutoka nje, bado nayumba, nikapita steshenari kumshukuru, nikawa nakisifia kile kitabu, akaniomba akiangalie. Nikampa, si jioni anarudisha. Wiki ile ile shoga yangu akaanza kudai, kitabu kiko wapi, nikakifuata mbio pale kona, namkuta dogo kakiegemeza kwenye mashine ya fotokopi, wateja foleni, yeye kainamia. Nikamwambia mwenyewe anakitaka. Bila kuinua kichwa akasema, "Sista, mwambie kuna mgonjwa mwingine."