Nani Amemtibu Huyu?

Nilipewa kazi ya bango la mlangoni, mita tatu kwenda juu. Wakati huo nilikuwa nasomea usanifu wa michoro Korea Kusini, na nilikuwa mafunzoni kwenye jumba dogo la makumbusho lililokuwa likiandaa maonyesho ya nakala za picha za maisha ya kila siku za enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Tulichagua "Ssireum", yaani mieleka, ya Kim Hong-do, mchoraji wa enzi hiyo. Wanaume wawili wamekamatana katikati, watu wamewazunguka, na muuza peremende, sinia limemning'inia kifuani, anatazama kwingine kabisa. Nilimpenda papo hapo. Ni wale wauza karanga wetu wa uwanjani: goli lifungwe lisifungwe, yeye anatafuta mteja.

Picha yenyewe ni ukurasa mmoja wa albamu yenye kurasa 25, kimo chake hata sentimita 30 hakifiki. Ukiikuza hadi mita tatu hakuna kinachojificha. Ndipo nikauona mkono. Mtazamaji wa chini kulia ameshtuka, mdomo wazi, ameegemea nyuma, na kiganja chake kimekaa kinyume, kana kwamba cha kushoto kimefungwa kulia.

Nikajua tu skani ni mbovu. Usiku ule nikafungua Photoshop, nikakikata kiganja, nikakigeuza, nikaziba mshono kwa rangi ya karatasi kuukuu. Sikumwambia mtu. Nililala nikijisifu.

Bango liliporudi kutoka kwa mchapaji, timjangnim, mkuu wetu wa kitengo (kule bosi haitwi jina, anaitwa cheo), alisimama mbele yake kimya. Halafu akauliza, bila kupandisha sauti:

"Nani amemtibu huyu?"

Nikanyoosha mkono. Wangu ulikuwa mzima, ila ulitetemeka.

Akanieleza kwamba kiganja kile kinajulikana. Wapo wanaosema mchoraji alikosea, wapo wanaosema alifanya makusudi, awachekeshe watazamaji. "Watu wanakuja kukitafuta," akasema, "wewe umekificha."

Tukachapa upya. Gharama yake sikuambiwa, nami sikuthubutu kuuliza.

Siku ya ufunguzi mtoto mmoja aliketi sakafuni mbele ya bango, akaegemea nyuma, akahangaika kuupinda mkono wake ufanane na ule wa pichani. Mama yake alimwita mara tatu. Hakusikia.