Siku moja maishani mwangu: mimi na "ye"

Saa 12:50 asubuhi. Basi linapita mbele ya baa yenye kibao cheusi cha maandishi ya dhahabu: Ye Olde, halafu jina la baa lenyewe. Nje bado kuna kiza cha Novemba. Vijana wawili nyuma yangu wanakisoma kwa sauti, "yii oldi", wanacheka. Nanyamaza. Zamani nilikuwa nageuka kuwasahihisha watu, mpaka mke wangu akaniambia ipo siku nitapigwa ndani ya basi kwa sababu ya herufi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kazi yangu hapa Uingereza ni kunakili hati za karne ya 16 na ya 17 katika hifadhi moja ya nyaraka. Nasoma mwandiko wa karani aliyekufa zamani, naupiga kwenye kompyuta ili wengine wausome bila kuumiza macho. Nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia ya ofisini. Inaokoa muda.

Saa 2:45. Kalamu ya wino inabaki chini kwenye kabati, pamoja na koti na chupa ya maji. Juu naingia na penseli, kompyuta, na mikono iliyooshwa ikakauka vizuri. Watu hudhani tunavaa glavu nyeupe kama kwenye sinema. Kwa karatasi hatuvai, maana ukivaa husikii ukingo wa ukurasa, utaupasua. Hati inalazwa juu ya vipande vya sponji, na kurasa zinashikiliwa na "nyoka", ndivyo tunavyoziita zile kamba nzito zilizovishwa kitambaa.

Saa 3:10. Naanza na orodha ya mali za mkulima mmoja aliyefariki mwaka 1671. Majirani zake walipita chumba kwa chumba wakihesabu na kutia bei: vitanda, masufuria ya shaba, jibini, ng'ombe wawili. Kila mstari una ye yake. In ye hall. In ye chamber. Hapa ye ni the tu, na ndivyo walivyoitamka, kwa dh ile ile ya "dhahabu".

Kiingereza cha kale kilikuwa na herufi yake, þ, ambayo kwa lugha yao iliitwa mwiba, na ilibeba sauti zote mbili, th ya "thelathini" na dh ya "dhahabu". Watu wa Iceland wanaiandika hadi leo. Huku Uingereza makarani waliiandika kwa haraka, karne baada ya karne, ule mviringo wake ukafunguka juu, mwisho huwezi kuitofautisha na y. Kisha ikaja chapa. William Caxton alifungua mtambo wake Westminster mwaka 1476, na herufi za kuchapia zilitoka Bara la Ulaya, ambako hakuna aliyekuwa na haja na mwiba. Wachapaji wakatumia th, na mstari ulipobana wakaweka y yenye e ndogo juu ya kichwa chake. Msomaji wa wakati ule hakubabaika. Waliobabaika ni wajukuu zake, waliokuja karne ya 19 kubandika Ye Olde kwenye vibao ili duka la juzi lionekane la kale.

Mimi halikunishangaza sana hilo. Babu yangu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na katika mwandiko wa zamani alama moja ya chini husomwa i au e, ya juu husomwa u au o, na ba moja hubeba b, p na mb. Akisoma barua, midomo ilikuwa inatangulia macho. Alikuwa anasikiliza sentensi inataka nini.

Saa 5:20. Mkuu wangu wa kitengo, mama wa makamo asiyepandisha sauti hata siku moja, anaweka karatasi mezani kwangu na kuondoka. Hiyo ni dalili mbaya.

Wiki iliyopita nilikabidhi mahubiri ya mchungaji mmoja, kurasa 46. Utaratibu wetu ni kwamba vifupisho vinafunguliwa: ye ya mwiba inaandikwa the, na yt inaandikwa that. Nilikuwa nimechoka, nikaiamuru kompyuta ibadilishe kila ye kuwa the kwa mpigo mmoja, nikaenda zangu kunywa chai. Sasa mchungaji wa watu anawaambia waumini wake "the shall find" na "the are called". Mara 112. Nimezihesabu mwenyewe, ndiyo adhabu.

Maana iko ye nyingine, isiyohusiana na mwiba hata kidogo. Hii y ni y kweli, na neno ni kiwakilishi: ninyi. Kiingereza cha kale kilipanga mambo vizuri kuliko hiki cha leo. Thou ni wewe unayetenda, thee ni wewe unayetendwa. Ye ni ninyi mnaotenda, you ni ninyi mnaotendwa. Baadaye, kwa kuwaiga Wafaransa, wakaanza kumwambia mkubwa mmoja ye kwa heshima, kisha ye na you zikachanganyika, na leo you imewameza wote, mmoja kwa wengi, bwana kwa mtumwa.

Anayesoma Yohana 3:7 kwa Kiingereza cha leo hawezi kujua kitu ambacho mtoto wa Sunday school wa Muheza anakijua bila kufundishwa. "Usistaajabu kwa kuwa nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili." Niliku-, kisha ham-. Yesu anaongea na Nikodemo peke yake, halafu katikati ya sentensi anawageukia watu wote. Biblia ya King James ya mwaka 1611 inaonyesha hivyo hivyo, thee kisha ye. You ya leo imelifukia hilo.

Na Biblia hiyo hiyo ndiyo mkuu wangu hutumia kuwafundisha wageni wa kazi. Katika chapa ya kwanza, Yohana 15:1 ina ye ya mwiba, kwa sababu safu ilikuwa nyembamba na mpanga herufi alikosa nafasi. Aya nne mbele kuna "ninyi ni matawi", na hiyo ni ye ya ninyi. Nilionyeshwa siku yangu ya kwanza kazini. Kwa hiyo sina cha kujitetea.

Saa 7 mchana. Chapati za jana na maharage, zimepashwa moto. Mwenzangu wa kutoka Cork, Ireland, anachungulia mlangoni na kuuliza kama "ye" tunakwenda kunywa kahawa. Tuko watatu. Kwao neno liko hai, wanalitumia kwa wengi tu, kama "nyie" yetu. Akija Mskochi ataniita ye hata nikiwa peke yangu. Simu inalia, ni ujumbe wa sauti wa mdogo wangu kutoka Tanga kuhusu fundi wa bati: "Kaka, mi nimemwambia, we unajua alivyo, ye kasema Ijumaa." Nacheka peke yangu, nikashindwa kuwaeleza wenzangu kwamba hiyo ni ye ya tatu.

Saa 8:30. Bado mahubiri. Napita moja moja. Njia ya kuzitenganisha si ngumu: e ikiwa imepandishwa juu, mara nyingi ni mwiba, ikiwa imekaa chini mstarini, mara nyingi ni ninyi. Nasema mara nyingi kwa sababu huyu mchungaji alikuwa na mkono wa pupa. Kisha unatazama jirani. Ikifuatwa na nomino, the. Ikifuatwa na kitenzi, ninyi. Kufikia ukurasa wa 30 nimeanza kumpenda. Akikasirika, ye zake zinalala upande.

Saa 9:40. Nimemaliza. Nayapeleka, mama anaitikia kidogo kwa kichwa, ananipa bahasha nyingine.

Ni barua ya mwanamke kwa kaka yake, ya miaka ya 1660. Anahesabu wagonjwa wa kijijini, anataja watoto wa kaka yake, anataja watoto wa jirani waliofiwa na wazazi wote wawili, halafu anaandika: I pray ye Lord keep yr children.

Ye kwanza. "Namwomba Bwana", au "nakusihi, Bwana na awalinde"? Nafikiri ni Bwana. E imepanda kidogo, lakini karatasi imekunjwa papo hapo na wino umekimbia. Shida hasa ni yr. Herufi hizo mbili zinaweza kuwa your, na zinaweza kuwa their, kwa sababu ya mwiba ule ule. Watoto wako, au watoto wao? Ni wapwa zake anaowaombea, au ni mayatima wa jirani? Kwa Kiingereza chake aliweza kuliacha hivyo. Mimi utaratibu unanitaka nilifungue.

Saa 10 jioni. Nainamisha taa, naizungusha karatasi. Mama anakuja, anatazama kwa kioo cha kukuzia, anatazama tena. "Tuusubiri mwanga wa dirishani," anasema. Lakini jua limeshazama, Novemba ndivyo ilivyo hapa. Natia kipande cha karatasi penye mstari ule, naandika kwa penseli "wako/wao?", kwa Kiswahili, naiondoa nyoka juu ya ukurasa na kuirudisha barua kwenye bahasha.