Siku Amin alipokufa tulikuwa na wageni

Ule mwaka 2003 Idi Amin alikufa mara mbili nyumbani kwetu. Mara ya kwanza ilikuwa Julai, redio ikasema yuko koma hospitali huko Jeddah, bamdogo akashika kile kipande cha habari alichokitaka akatuma mtu fasta akalete rubisi, pombe yetu ya ndizi, watu wakanywa, kumbe jamaa bado anapumua. Mara ya pili ndo ilikuwa kweli, Jumamosi tarehe 16 Agosti, na siku hiyo shangazi alikuwa amekuja na mumewe kutoka Uganda.

Sasa huyo mume wa shangazi ni Mnubi wa Bombo, kabila la Waislamu wa Uganda lililotoa askari wengi wa Amin, na yeye mwenyewe alikuwa jeshi la Amin. Na sisi kwetu ni Tanzania, kaskazini ya mto Kagera, kile kipande cha kati ya mto na Mutukula mpakani ambacho Amin alitangaza ni chake Novemba 1978. Askari wake waliua watu, wakaswaga ng'ombe, wakabeba mpaka mabati, daraja la Kyaka wakalipua. Bibi alikimbia na watoto, babu akabaki na ng'ombe wake na hakuonekana tena, si yeye wala ng'ombe. Bamdogo alikuwa mgambo akaingizwa jeshini akaenda kupigana mpaka Kampala, na akilewa lazima akutolee ile ya Mwalimu, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, hata kama mnaongelea bei ya kahawa.

Huyo mzee, mume wa shangazi, alipokuja kuposa, bibi alimuuliza kitu kimoja tu, mwaka ule ulikuwa wapi? Akasema Moroto, kambini, natengeneza malori. Moroto iko kaskazini mashariki ya Uganda, ni mbali kweli na kwetu. Bibi akapokea mahari, bamdogo akagoma kula.

Basi siku hiyo ya Agosti tumekaa tunatafuna kahawa, redio ikatangaza, mzee akasema taratibu innalillahi wainna ilaihi rajiun. Bamdogo akaruka, unamuombea nani wewe shemeji, humu ndani? Mzee naye akachemka, sijawahi kumuona vile, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kambini, mimi naombea maiti, kama yeye iko mzima mimi nauliza yeye maswali. Akasema Amin alitoroka akaenda kula pensheni ya Waarabu na watoto wake, sisi akatuachia deni, mimi nimelala kambi za wakimbizi Sudan, ndugu zangu wameuawa Arua kwa sababu ya kabila tu, na hao waliowaua hawakuuliza nani alikuwa fundi na nani alikuwa muuaji. Shangazi akadakia kwamba huko Uganda wapo wanaosema Amin alifanya vizuri kufukuza Wahindi, maduka yakawa ya weusi. Bamdogo akamuuliza, wewe ulipata duka gani? Shangazi kimya. Mi naona hilo swali lilikuwa la haki kabisa ingawa aliuliza kwa matusi.

Bibi muda wote alikuwa anamenya ndizi. Akauliza, watamzika wapi? Tukamwambia hukohuko Jeddah, Museveni alishasema akirudi hai anashtakiwa. Akasema, kwa hiyo yeye ana kaburi. Halafu akatuma mtoto akaongeze kuni.

Usiku rubisi ililetwa, mzee akanunuliwa soda na bamdogo mwenyewe, nikajua yameisha. Wapi! Bamdogo alikuwa anamwinda, nani alikuwa mkuu wa kambi Moroto, mlikuwa mnakula nini, malori ya aina gani, mzee anajibu moja moja bila haraka mpaka saa saba. Asubuhi nikamuuliza bamdogo, vipi, umeridhika? Akasema hayo majibu askari yeyote wa jeshi lile angeyajua. Krismasi walivyokuja tena akamhoji upya, na mzee akajibu vilevile.