Pete za Upande wa Ndani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Kutoka 28:15-30 na 35:30-35.

Msimu wa mahafali na siku za wazazi umefika, na shule nyingi zitaweka meza ya mauzo ya kazi za mikono. Bangili na hereni huwa haziishi kutazamwa, na wanunuzi wake ni wazazi, mashangazi, walimu na wanafunzi wenzetu. Mama akinunua bangili aliyoitunga mwanawe haivuti kuipima, wala haulizi imefungwaje. Ikikatika siku ya tatu ataziokota shanga, azitie kwenye kikombe kabatini, na hatarudi kudai hela yake. Mteja wa Kariakoo angerudi. Kwa hiyo meza ya shule ni mtihani mgumu kuliko soko: mnunuzi ameshatusamehe kabla hatujamkosea.

Kutoka 28 inaeleza kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu. Mawe yake tunayakumbuka sote: safu nne, matatu kila safu, jumla 12 kwa majina ya wana wa Israeli. Lakini kuanzia mstari wa 22 maelezo yanahamia kwenye vifungio. Kuna mikufu ya dhahabu iliyosokotwa kama kamba. Kuna pete mbili ncha za juu, na mbili nyingine ncha za chini, ambazo mstari wa 26 unataka zikae upande wa ndani, unaoelekea naivera, yaani vazi la kuhani lililo chini ya kifuko. Kisha kuna ukanda wa rangi ya samawi wa kuzishika pete, kifuko kisije kikaachia. Aliyesimama katika ua wa hema ya ibada hakuweza kuziona pete zile za ndani. Mungu alizitaja hata hivyo, kwa idadi na kwa mahali pake.

Tuichukue bangili ya shanga za karatasi, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo shule yenye fedha kidogo inaiweza. Akina mama wengi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda wakahamia Kampala wamejipatia riziki kwa shanga za namna hii. Ukurasa mmoja wa gazeti la kung'aa au kalenda iliyopita, wa sentimita 21 kwa 30, unatosha bangili mbili. Kwenye ukingo mfupi wa juu weka alama kila sentimita 1.5. Kwenye ukingo wa chini fanya vivyo hivyo, ila alama ya kwanza ianzie 0.75. Unganisha alama kwa mistari ya kwenda na kurudi, ukate: utapata pembetatu ndefu 27, na vipande viwili vya pembeni vya kutupa. Bangili moja inakula 10. Saba zinazobaki ni za kufidia zitakazoharibika, na kwa anayejifunza zitaharibika.

Anza kuviringisha upande mpana kwenye kijiti cha mshikaki, ukikaza, ncha nyembamba ikae katikati muda wote. Ikienda kando hata kidogo, ushanga unatoka na tumbo upande mmoja, na hakuna vanishi ya kuuficha. Gundi ipakwe sentimita tano za mwisho tu. Ukiipaka tangu mwanzo, karatasi inanata kijitini na kuchomoa ni kuchana. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Gundi isipokauka kabisa kabla ya vanishi, unyevu unafungiwa ndani, ushanga unapata ukungu mweupe na kubaki unanata vidoleni. Pwani, hewa ikiwa nzito, uache hadi kesho yake. Vanishi iende tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikikauka kwanza, shanga zikiwa zimening'inizwa kwenye uzi bila kugusana. Kazi hii ifanyike nje, kivulini: ndani harufu yake inaumiza kichwa, na jua kali linaitia mapovu.

Kwa mkono wenye mzunguko wa sentimita 16 tunga sentimita 18, kwa sababu unene wa shanga unakula nafasi ya ndani. Shanga 10 za karatasi zinatoa 15, na shanga ndogo za kioo 10 za milimita 3, moja moja katikati, zinatoa 3 zilizobaki.

Sasa tuje kwenye fundo. Uzi wa lastiki wa milimita 0.8 uvute mara kadhaa kabla ya kutunga, maana lastiki mpya hulegea ikivaliwa, na baada ya juma moja uzi unaonekana katikati ya shanga. Kata sentimita 30, upate pa kushika. Fundo la kwanza zungusha ncha mara mbili, kaza huku ukiwa umeuvuta uzi. La pili lifunge kwa kugeuza upande. Lijaribu kwa kuipanua bangili kama inavyopita kiganjani. Likiteleza hata kidogo, fungua, anza upya. Tone la gundi liwe la gundi inayobaki laini. Ile ya kukauka papo hapo inaufanya uzi kuwa mkavu, ukatike palepale pembeni mwa fundo. Acha ncha za milimita 2 au 3, kisha vuta fundo liingie ndani ya tundu la ushanga wa karatasi. Likishaingia, halionekani tena.

Hapo ndipo pete za Kutoka 28:26 zilipo kwenye bangili yetu. Aliyefunga vibaya na aliyefunga vizuri, bangili zao zinalala mezani zikifanana, kwa bei ileile. Tunaamini Bwana anazitofautisha, kwa sababu ndivyo alivyoagiza kazi ya patakatifu pake.

Mnunuzi aambiwe pia kwamba hii ni karatasi. Inavumilia matone ya maji, haivumilii kuogea wala kufulia. Kunyamaza ili mzigo uuzike ni ile mizani ya hadaa ya Mithali 11:1. Hali kadhalika fedha: kama bango limesema mapato ni ya madawati, yaende kwenye madawati, na daftari la mauzo libaki wazi kwa yeyote anayeuliza. Pembeni ya meza wekeni kikopo chenye lastiki, gundi na mkasi, na kila mnunuzi aambiwe: ikikatika, irudishe, tutaifunga upya bure.

Kutoka 35:34 inasema Mungu alimtia Bezaleli, fundi wa hema ile, moyoni mwake kufundisha, yeye na mwenzake Oholiabu. Mara nyingi wanafunzi wa kidato cha kwanza hupewa kukata na kufagia vipande, fundo wakabaki nalo wakubwa. Wakubwa wakimaliza mtihani wa Novemba, ujuzi unaondoka nao, na mwaka unaofuata meza inauza bangili zinazokatika.

Kwa hiyo juma hili tuwaombee watahiniwa wetu wa kidato cha nne. Tuwaombee na nafasi ya saa moja kabla hawajafunga masanduku yao, wakae na wadogo zao, kila mdogo afunge fundo kwa mkono wake hadi lisiteleze.